Kuflashi AC ya Corolla ya 1998 nyumbani: nifungue nini, na kipi nisikiguse?

Mbezi_AE110

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Corolla AE110 ya 1998, injini 5A-FE, niko Dar. AC inapoa vizuri kwa dakika kumi na tano hivi, halafu inaanza kutoa joto. Ukiizima kwa muda ukaiwasha tena, baridi inarudi, kisha inakata vilevile. Upepo wa feni haupungui hata kidogo, unatoka kwa nguvu ila wa joto. Baridi inapokata, geji ya presha ndogo inashuka chini ya sifuri, na ya presha kubwa nayo inashuka.

Kompresa iliyopo ni ya mtumba, iliwekwa na mmiliki aliyetangulia. Draya (kile kikopo kinachonyonya unyevu kwenye gesi) inaonekana haijawahi kuguswa. Nimepata seti ya geji, pampu ya vakyumu ya kuazima, na kompresa ya upepo ya gereji. Nataka kufungua mfumo wote, niuflashi, yaani niuoshe kwa ndani, na kuujaza upya mwenyewe.

Maswali: nianzie wapi? Kondensa (ile rejeta ya AC ya mbele) inaflashika? Mafundi wengi mtaani wanatumia petroli, ni sawa? Oili niweke kiasi gani, na gesi makopo mangapi?

---

BaridiKali_Tanga

Mkuu, hilo la upepo kutopungua limekuokolea kazi kubwa. AC inayopoa kisha ikakata ina matatizo mawili yanayofanana sana kwenye geji. La kwanza ni evaporeta, ile rejeta ndogo ya ndani ya dashibodi inayopoza upepo, kuganda barafu kwa nje. Hapo mapezi yanazibwa na upepo wa dashibodi unafifia pole pole, na wa kushukiwa ni ile sensa ndogo ya joto iliyochomekwa kwenye evaporeta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile inasoma karibu 1.5 kΩ kwa nyuzi 25, na namba hupanda kadiri baridi inavyozidi. La pili ni maji yaliyochanganyika na gesi kuganda kwenye tundu la ekspansheni valvu, ile inayopunguza presha ya gesi kabla haijaingia evaporeta. Tundu likizibwa na barafu, gesi haipiti, kompresa inavuta upande mtupu, na ndiyo maana geji yako inashuka chini ya sifuri. Upepo unabaki na nguvu zake kwa sababu evaporeta yenyewe haijaganda. Ukizima, barafu inayeyuka, tundu linafunguka. Yako ni hili la pili.

Kwa hiyo jua mapema: kuflashi peke yake hakutaponya gari hili. Kinachoondoa maji ni draya mpya na vakyumu ya kutosha. Kuflashi unakuhitaji kwa sababu nyingine, nayo ni kompresa ya mtumba. Hujui imekuja na oili gani wala kiasi gani, na hujui ile iliyotolewa ilikufa vipi na ilitapika nini ndani ya mabomba.

Kabla hujafungua hata nati moja, tafuta pa kuvujia ukiwa bado na gesi ndani. Tembeza tochi kwenye maungio yote, kona za chini za kondensa, na mbele ya kompresa nyuma ya klachi yake (inayoiunganisha na mkanda). Gesi inapotoka huburuta oili, na oili hunasa vumbi, kwa hiyo doa jeusi lenye unyevu ni ushahidi. Paka povu zito la sabuni uthibitishe. Magari ya pwani hasa huoza kondensa kwa chumvi ya hewani. Angalia pia maji yanayodondoka kwenye bomba la kutolea maji ya evaporeta: yakiwa na utelezi wa oili, evaporeta inavuja.

Gesi iliyomo usiiachie hewani. Ipeleke kwenye karakana yenye mashine ya kunyonya gesi, wainyonye, urudi na mfumo mtupu. R134a, gesi ya AC za magari kama lako, ina nguvu ya kupasha dunia mara 1,430 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo gramu 700 tu ni sawa na tani nzima. Ndiyo moja ya gesi ambazo nchi zilikubaliana Kigali, Oktoba 2016, kupunguza matumizi yake. Halafu kuna jicho lako: gesi hii huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikirukia jicho inaligandisha. Miwani na glavu si hiari.

Ukishafungua, kazi ya kwanza ni kusoma oili. Toa kompresa, ielekeze matundu chini juu ya chombo cheupe, zungusha kitovu cha klachi kwa mkono mpaka iache kudondosha, na upime mililita. Oili safi au ya njano hafifu: mfumo una afya. Kahawia au kijivu bila chembe: imechoka na ina unyevu, inaflashika. Nyeusi yenye vumbi la kumeta ukiisugua kwenye kidole: kompresa imejisaga, na chembe zake zimeshatawanyika. Hapo kompresa inatupwa na kondensa inatupwa, usihangaike kuiosha.

Kuhusu kondensa, iangalie ilivyojengwa. Zile za zamani zina bomba moja bapa linalojikunja kama nyoka kutoka juu hadi chini. Hiyo inaflashika, kwa sababu dawa haina njia nyingine ya kupita. Zile zenye bomba mbili za wima pembeni na vijibomba vingi vyembamba katikati ni habari nyingine: dawa hupita kwenye vijibomba vilivyo wazi na kuviacha vilivyoziba vilevile. Kwa uchafu wa oili tupu unaweza kuiosha na ikafaa. Kwa chembe za chuma, hapana.

Visivyoflashiwa kabisa: kompresa, draya, ekspansheni valvu, na hozi yoyote yenye kile kikopo cha kupunguza kelele, maana uchafu hukwama humo na haurudi. Draya inabadilishwa. Valvu kwa gari la umri huu badilisha pia, kwa sababu ili uiguse lazima ushushe boksi la evaporeta nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, na hakuna anayetaka kulishusha mara mbili.

---

Mzee_wa_Oringi

Nitajibu la petroli, maana limeshaleta maafa. Usitumie. Evaporeta iliyooshwa kwa petroli ukaipuliza kwa upepo ni wingu la mvuke unaosubiri cheche ya feni au ya swichi. Dizeli haikauki, inabaki imechanganyika na oili na kuiondolea ulainishaji. Thina na sprei za kusafishia breki zinashambulia mpira wa hozi na oringi (pete za mpira za kwenye maungio), na zile zenye klorini zinaacha mabaki yanayotengeneza asidi ndani ya mfumo. Nunua dawa maalumu ya kuflashi AC, inayokauka bila kuacha kitu. Nusu lita kwa kila kipande huwa inatosha. Endelea mpaka inachotoa kiwe na rangi ileile uliyoiingiza.

Ingiza dawa kinyume na njia ya kawaida ya gesi. Uchafu uliingia kwa upande mmoja ukakwama, kwa hiyo unautoa kwa mlango ulioingilia. Evaporeta ioshe ukiwa umeshaitoa valvu, dawa iingie kwa bomba nene itoke kwa jembamba. Iache ikae dakika kumi ilainishe, kisha isukume.

Ya kusukumia ndiyo inayowashinda wengi. Kompresa ya upepo ya gereji, hapo Dar penye hewa ya jasho, inarusha maji. Unaflashi ili uondoe unyevu, halafu unauingiza kwa mlango wa nyuma. Kodi mtungi mdogo wa naitrojeni kavu na regyuleta yake. Weka 80 hadi 100 psi, isizidi hapo kwa kuosha. Bila regyuleta usithubutu, mtungi uliojaa una presha ya 150 bar na zaidi. Na asije mtu akakushauri oksijeni ya mchomea vyuma: oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

Baada ya dawa, puliza kila kipande dakika ishirini au thelathini. Weka kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba. Kikibaki kikavu kabisa bila doa wala harufu, umemaliza. Dawa iliyobaki ndani itazimua oili mpya, na kompresa itakwama kwa kosa ambalo halionekani popote.

Oringi zote za maungio uliyofungua badilisha. Za R134a ni za mpira aina ya HNBR, nyingi rangi ya kijani. Zipake oili ileile ya mfumo, siyo grisi, na usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzima. Imeshalala umbo la kiungo chake na haitarudi kubana.

---

Mbezi_AE110

Shukrani sana wakuu. Gesi imenyonywa, nimefungua. Oili ni kahawia iliyokolea, hakuna chembe hata nikiisugua. Kompresa imetoa 35 ml tu. Kondensa ni ya vijibomba vingi, naiosha kama mlivyosema. Stika ya kompresa inasema ND-OIL 8. Sasa oili niweke kiasi gani, na niigawanye vipi? Na vakyumu dakika ngapi?

---

BaridiKali_Tanga

ND-OIL 8 ni PAG (oili ya AC ya kutengenezwa kiwandani) ya mnato wa 46 kwa R134a. Nunua PAG 46 ya chupa ndogo, maana PAG inanyonya maji ya hewani haraka mno. Chupa iliyoachwa wazi usiku kucha usiitumie. Usichanganye na ND-OIL 6, hiyo ni ya magari ya gesi ya R12.

Hesabu ya oili inategemea umefanya nini. Mtu aliyebadilisha kipande kimoja bila kuosha anarudisha kile kilichoondoka na kipande hicho tu: karibu 40 ml kwa kondensa, 40 ml kwa evaporeta, 10 hadi 20 ml kwa draya. Wewe umeosha kila kitu na kumimina ya kompresa, kwa hiyo mfumo wako ni mkavu, na unaweka kiasi kizima cha kitabu cha gari. Mifumo midogo ya aina hii mingi inabeba kati ya 120 na 150 ml. Zile 35 ulizozitoa hazikuambii kiasi, maana mfumo ukifanya kazi oili nyingi huwa imesambaa nje ya kompresa.

Nusu iingize kwenye kompresa kupitia tundu la kuvutia, zungusha kitovu kwa mkono mizunguko kumi au zaidi mpaka uhakikishe hakuna kinachokwama. Oili haibanwi, ikijaa kwenye pistoni na mkanda ukaizungusha ghafla, valvu za ndani zinavunjika. Nusu nyingine igawe kwenye evaporeta na kondensa, na kidogo ndani ya draya. Usizidishe ukidhani unailinda kompresa: oili ya ziada inafunika kuta za evaporeta kwa ndani na baridi inapungua.

Draya iwe ya mwisho. Vizibo vyake visitoke mpaka kila kiungo kingine kimekazwa na pampu iko tayari pembeni. Ikikaa wazi kwa masaa kwenye hewa ya pwani, umenunua draya iliyokwisha kazi.

Kabla ya vakyumu, jaza naitrojeni hadi 150 psi, funga, paka povu kila kiungo, ipe saa nzima. Sindano isiposogea, iachie na uwashe pampu. Kwa mfumo uliokuwa na maji kama wako, pampu dakika 45, vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu hadi juu kidogo ya sifuri, pampu tena dakika 45, vunja tena, kisha ya tatu saa nzima. Naitrojeni inabeba mvuke ambao pampu peke yake inahangaika kuutoa. Badilisha oili ya pampu kabla ya kuanza; ya kuazima karibu kila mara ina oili ya maziwa, na hiyo haifiki chini. Kwa nyuzi 30 maji yanachemka pale tu geji inapopita inchi 28.7 za zebaki, kwa hiyo hapo Dar pampu inayogota kwenye 27 haikaushi kitu.

Funga valvu za geji, zima pampu, subiri nusu saa. Sindano ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna maji yanayochemka, rudia. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

---

Nairobi_GX

Wakuu, swali la pembeni kwa sisi wa huku juu. Pampu mpya, geji mpya, lakini haivuki inchi 24 hata ikikaa masaa mawili. Nimebadilisha hozi zote. Nini kinavuja?

---

Mzee_wa_Oringi

Hakuna kinachovuja, ndugu. Geji hiyo inapima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, na Nairobi hewa ya nje yenyewe ina presha ya inchi 24 na ushee kwa sababu ya mwinuko. Unapoteza karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Ukisoma 24 hapo, umefika mahali mtu wa Mombasa anaposoma 29 na ushee. Tatizo ni kwamba sindano haiwezi kukuonyesha nusu inchi ya mwisho, na hapo ndipo maji yanapotoka. Tafuta geji ya maikroni, inayopima vakyumu kwa vipimo vidogo mno, ishuke chini ya 500 na ibaki huko pampu ikizimwa.

---

BaridiKali_Tanga

Sasa gesi, Mbezi. Kiasi kiko kwenye stika chini ya boneti, ndicho cha kufuata kuliko neno la mtu yeyote humu. Tuseme inasema gramu 700, kujumlisha au kupunguza 50: makopo mawili ya gramu 340 yanafanya 680 kwenye karatasi, lakini kopo halimwagi lote na hozi inabaki na lake. Weka kopo kwenye mizani ya jikoni ya dijitali, andika uzito kabla na baada, jaza kwa tofauti hiyo. Toa hewa ya hozi ya njano kwanza kwa kulegeza nati upande wa geji kwa sekunde moja.

Injini ikiwa imezimwa, vakyumu itavuta kopo la kwanza karibu lote. Kisha washa injini, AC baridi ya mwisho, feni ya juu, na uendelee kwa upande wa presha ndogo tu, kopo likiwa limesimama ili iingie gesi na si kimiminika. Valvu ya presha kubwa ya geji ibaki imefungwa muda wote injini inapozunguka. Ukiifungua, presha ya kondensa inarudi kwenye kopo na kopo linapasuka mkononi.

Klachi isiposhika mwanzoni usiiunganishe moja kwa moja na betri. Swichi ya presha inazuia mfumo ukiwa chini ya karibu 2 kg/cm², na ina sababu: gesi isipozunguka, oili nayo haizunguki.

Ukimaliza, milango wazi, injini mizunguko 1500, hewa inayoingia nyuzi 30 hadi 35: presha ndogo 21 hadi 36 psi, kubwa 200 hadi 228. Zote mbili zikiwa juu, usikimbilie kupunguza gesi. Mwagia kondensa maji. Kubwa ikishuka haraka, feni ya mbele imechoka au mapezi yamejaa matope. Ndogo ikiwa juu na kubwa ikiwa chini, kompresa haisukumi. Kile kioo cha kuangalia juu ya draya kinasaidia kuonyesha upungufu, lakini mapovu yakitoweka hakikuambii kama umezidisha, ndiyo maana nasisitiza mizani.

---

Mzee_wa_Oringi

Niongeze mawili. Gesi ya bei ya kutupa iogopeni. Kuna makopo yameandikwa R134a ndani yana mchanganyiko wa gesi za kuwaka, na mengine yamekutwa na R40, ambayo ikigusana na aluminiamu ya mfumo hutengeneza kitu kinacholipuka kikikutana na hewa. Kopo la R134a halisi lililokaa kivulini nyuzi 30 linapaswa kusoma karibu 97 psi. Likitofautiana sana, lirudishe. Likisoma sawa bado si uthibitisho, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

La pili: kompresa ya mtumba, pima mwanya wa klachi ukiwa umeishika nje. Ni 0.35 hadi 0.65 mm, unapima kwa vile vibati vya kupimia valvu. Ukizidi, klachi inashika asubuhi na kuachia mchana injini ikipata moto, na mtu anaanza kutafuta gesi ambayo haijapungua. Fungua bolti ya katikati, ondoa shimu (kibati cha kurekebisha mwanya) moja nyembamba, pima tena.

---

Mbezi_AE110

Mwanya ulikuwa 0.9, nimetoa shimu, sasa 0.5. Vakyumu tatu zimekamilika na sindano haikusogea. Stika inasema 700, zimeingia 690 kwa mizani. Ndogo 31, kubwa 215, tundu la katikati nyuzi 8 baada ya dakika arobaini na halijakata. Ila sasa zulia la abiria linalowa.

---

BaridiKali_Tanga

Hilo ni bomba la kutolea maji chini ya boksi la evaporeta. Ama limeziba kwa majani na vumbi, ama uliporudisha boksi halikuingia kwenye tundu la ukutani. Ingia chini upande wa abiria, lichomeke waya laini wenye ncha iliyokunjwa, sio upepo wa presha kutoka nje, maana utarudisha matope yote kwenye mapezi uliyoyaosha. Maji yanapaswa kudondoka chini ya gari ndani ya dakika chache za AC kuwaka.